Pini za Jumanne

Jumanne, 6 Januari

Meneja ameniita ofisini kabla sijavaa hata koti la kazi, akafunga mlango, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Wateja wawili wamerudisha pini zilizovunjika.

"Mama Pacha," akasema, "chuma ni kilekile, tanuru ni jipya, namba zinasoma vizuri. Kinachobaki ni mtu. Nataka uwe macho yangu. Andika kila unachokiona."

Akanipa daftari hili, akatoka zake mpaka saa nne. Basi naandika.

Karakana yetu inatengeneza pini za kuunganishia tela na lori. Pini huchomwa kwenye tanuru mpaka zifike nyuzi mia nane na hamsini, kisha hutumbukizwa kwenye oili zikaze. Mimi ni mpimaji. Naiweka pini chini ya nyundo ya bembea na kuiachia nyundo. Pini nzima hupinda kidogo na kugoma. Mbovu hukatika kama chaki. Mwaka jana nilikuwa napima moja tu kwa siku, ya asubuhi, kwa sababu Meneja hakupenda pini ziharibiwe. Kuanzia leo napima moja katika kila trei, na trei mbovu haiuzwi.

Trei ya kwanza nzima. Ya pili nzima. Ya tatu chaki. Ya nne chaki.

Joto limeanza. Feni inasukuma tu hewa ya moto kutoka kona moja kwenda nyingine. Na mlio wa mashine ya koili umeniumiza kichwa kutwa.

Jumatano, 7 Januari

Zote nzima. Joto.

Alhamisi, 8 Januari

Mbili nzima, mbili chaki, kama juzi. Kichwa tena, mashine ya koili haikunyamaza.

Ijumaa, 9 Januari

Zote nzima.

Jumanne, 13 Januari

Leo nimeona kitu.

Kwenye tanuru wapo watu wawili, Mzee Sumaku na Kipara. Jumanne na Alhamisi Kipara huhamia kwenye mashine ya koili kukaza gia, na Mzee hubaki na tanuru peke yake. Yaani siku ambazo pini zinavunjika ndizo siku ambazo yuko peke yake. Sikutaka kuliandika hilo, lakini limejiandika lenyewe.

Kabla ya saa nne, Meneja akiwa bado hajafika, Mzee alifungua mlango wa tanuru namba ikiwa mia saba na tisini. Akaingiza kile kipande chake cha sumaku kilichofungwa kwenye waya mrefu, akakigusisha kwenye pini, akangoja kidogo, akaangalia rangi, akatikisa kichwa kukubali. Akaitoa trei, akaitumbukiza kwenye oili.

"Mzee, namba haijafika," nikamwambia.

"Naiona, mwanangu."

"Sasa mbona umetoa?"

"Zimeiva." Akacheka, akafuta jasho kwa mkono wa koti. "Hata mchuzi hauivi kwa saa ya ukutani."

Kazi hii yeye ndiye aliyenifundisha. Ndiye aliyenionyesha kwamba chuma kikipata moto wa kutosha huacha kuvutwa na sumaku, kinakuwa kama hakijawahi kuijua, na kwamba ukingoja kidogo tu baada ya hapo ndipo unapokitoa. Lakini hayo ni mambo ya tanuru la zamani. Sasa tuna mita. Kwa nini aendelee na waya wake?

Jioni nikamuuliza Baba Pacha kwa mbali, kama mtu anayepiga soga tu. Mume wangu ndiye fundi umeme wetu. Mita ya tanuru na mashine ya koili alizifunga yeye mwezi wa Novemba, kwa siku mbili tu, ili mwenye mali akija kutembelea azikute zinafanya kazi. Alipigiwa makofi. Mpaka leo akieleza jinsi umeme unavyozunguka kwenye koili ya shaba na gia iliyo katikati ikawa nyekundu bila kuguswa na moto, utadhani anasimulia siku ya harusi yetu.

"Mzee wa watu anaogopa mashine," akasema. "Angeweza angeturudisha kwenye kuni."

Alhamisi, 15 Januari

Mbili nzima, mbili chaki. Nimemwona Mzee akiokota vipande vya pini niliyoivunja, akavifunga kwenye leso na kuvitia mfukoni. Alitazama huku na huku kwanza. Mtu mwenye nia njema anatazama huku na huku kwa sababu gani?

Jumatatu, 19 Januari

Nzima. Pacha wana mafua.

Jumanne, 20 Januari

Ileile. Asubuhi anatoa kabla ya namba, pini nzima. Saa nne Meneja anafika, anakaa nyuma ya kile kioo chake kinachotazama tanuru. Kuanzia hapo Mzee anangoja namba ifike mia nane na hamsini kamili, na pini zinakuwa chaki.

Nimelala nalo usiku mzima wa jana na leo nimelipata jibu. Anataka mita ionekane mbovu. Akitumia sumaku yake, pini zinakuwa nzuri. Akitumia namba, anazifanyia kitu, sijui kwenye oili au wapi, ili ziharibike. Anangoja Meneja awepo ndipo aziharibu, aone mwenyewe. Mzee mjanja huyu.

Nimejisikia vibaya kuandika hivyo. Nimeandika hata hivyo.

Jumatano, 21 Januari

Nimempa Meneja taarifa. Amenishukuru mara tatu.

Alhamisi, 22 Januari

Bati linalia kwa joto. Mzee amenigawia maji yake ya kunywa. Nimeyanywa, na nikawa najiuliza kwa nini amenipa.

Alhamisi, 29 Januari

Nitaandika polepole, nisisahau kitu.

Saa nane mchana lori lilikuwa linarudi nyuma uani na tela lililojaa vyuma. Mrefu, mpakiaji wetu, alikuwa amesimama nyuma, karibu na ukuta, akimwelekeza dereva kwa mkono, anapiga kelele zake, "Njoo, njoo, njoo, kata usukani!" Nilikuwa mlangoni napunga upepo. Ukasikika mlio mmoja mkavu, kama mtu amevunja sahani. Tela likaachia. Uwanja wetu una mteremko mdogo, mdogo kiasi kwamba mpira wa watoto ukiuweka hauondoki wenyewe. Ulitosha. Tela likarudi taratibu, na Mrefu aliyekuwa na ukuta mgongoni akaona hana pa kwenda.

Hakupiga kelele. Alisema, "Jamani, mguu wangu," kwa sauti ya mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Tuliinua tela kwa jeki, watu wanane. Mguu wa kulia umevunjika chini ya goti mara mbili. Mzee Sumaku alikaa chini kwenye mchanga uliokuwa unachoma, akamwekea kichwa mapajani, akawa anamwita kwa jina alilopewa na mama yake, ambalo wengi wetu hatukulijua.

Baada ya gari la wagonjwa kuondoka niliokota pini. Ilikuwa yetu. Kila pini ina tarehe iliyogongwa kichwani. Hii ilikuwa ya tarehe 16 Desemba. Nimetafuta kwenye kalenda: Jumanne.

Ijumaa, 30 Januari

Wamempekua Mzee getini. Kwenye mkoba wake kulikuwa na pini saba zilizovunjika.

"Unazipeleka wapi?" Meneja akauliza.

"Nazitazama nyumbani."

"Unatazama nini kwenye takataka?"

Mzee akainua uso. Alinitazama mimi, nami nikatazama viatu vyangu. Amefukuzwa. Alivua koti la kazi, akalikunja vizuri kama anaenda kulitumia kesho, akalikabidhi kwa mlinzi.

Nimempata mwovu. Mbona sikuweza kula?

Jumatatu, 2 Februari

Nzima zote. Meneja amenipungia mkono toka nyuma ya kioo.

Jumanne, 3 Februari

Kipara ameshika tanuru, na mwenzake wa stoo ameshika mashine ya koili. Kipara anaogopa hata kivuli chake siku hizi. Anafuata namba kama anavyofuata taa za barabarani.

Trei ya kwanza chaki. Ya pili chaki. Ya tatu chaki. Ya nne chaki.

Jumatano, 4 Februari

Nzima. Najiambia jana ilikuwa ugeni wa kazi tu.

Alhamisi, 5 Februari

Nne zote chaki. Kipara analia, anafikiri atafuata yeye. Amenishika mkono: "Dada, naapa, nimefuata namba!"

Namwamini. Hapo ndipo pabaya.

Ijumaa, 6 Februari

Leo nimelisoma daftari hili toka ukurasa wa kwanza, mchana, nikiwa nimekaa juu ya kreti la pini nzima. Nilikuwa natafuta mtu. Mtu hayumo. Mzee hayupo na pini zinavunjika, tena zaidi ya alipokuwepo. Trei za asubuhi alizozitoa "kabla ya wakati", zile nilizoziandika kama makosa yake, ndizo pekee zilizokuwa salama katika siku zile.

Na siku mbaya zote za mwanzo nimelalamikia kichwa au nimeitaja mashine ya koili. Sikuwa nachunguza chochote, nilikuwa nanung'unika tu.

Mashine hiyo huwashwa Jumanne na Alhamisi. Siku nyingine imelala.

Jumamosi, 7 Februari

Nimekwenda kwa Mzee. Mkewe amenifungulia mlango, akanitazama kwa muda kabla ya kusema karibu. Aliisema kwa sauti ya chini, lakini aliisema.

Mzee alikuwa amekaa sebuleni na fulana, vipande vya pini vimepangwa juu ya gazeti mbele yake. Nikaketi mbele yake. Akanisukumia kioo cha kukuzia.

"Tazama hapa ilipokatikia. Hii ni ya asubuhi, niliyoitoa mimi. Uliigonga mara tano ndipo ikakatika."

Ndani ilikuwa ya kijivu, laini kama unga.

"Na hii ya mchana."

Ilimetameta. Punje kubwa kubwa, kama chumvi ya mawe.

"Chuma kikizidishiwa moto punje zake hunenepa," akasema. "Zikinenepa hazishikani. Ukikigonga kinapasuka kati ya punje na punje. Namba ilipokuwa inasema mia nane na hamsini, mle ndani kulikuwa mia tisa na zaidi. Sumaku iliniambia, na macho yaliniambia. Chuma kile si chekundu kama nyanya tena, kina rangi ya chungwa lililoiva sana."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilimwambia Meneja, akasema mita imetoka kiwandani na karatasi yake ya uthibitisho, na akiniona natoa trei kabla ya namba atanifukuza. Nikamwambia mumeo, mwezi wa Desemba. Nikamwambia, baba, koili ikiwaka namba yako inashuka yenyewe bila moto kupungua. Akacheka."

Mkewe alileta chai. Niliinywa yote ikiwa bado ya moto ili nipate cha kufanya.

"Ni mimi niliyekuandika, Mzee," nikasema.

"Najua. Ulikuwa unatembea na daftari kama askari wa trafiki."

Hakucheka aliposema.

Jumapili, 8 Februari

Nilimsubiri Baba Pacha amalize kupiga pasi mashati ya watoto. Nikamuuliza, "Waya wa kipimo cha tanuru umepita wapi?"

"Kwenye bomba la nyaya."

"Na waya mnene wa koili?"

Pasi ikasimama. "Kwa nini?"

"Nauliza."

"Bomba hilohilo. Siku zilikuwa mbili, bomba lilikuwa moja. Ungetaka nipitishe kichwani?"

Nikamweleza nilichosoma chuoni na ambacho yeye anakijua kunizidi: umeme mkubwa ukipita kwenye waya mnene hutengeneza nguvu ya sumaku kuuzunguka, na waya mwembamba uliolala kando yake huipokea. Kipimo cha joto kinatumia umeme mdogo mno, mdogo kuliko wa betri ya saa. Ukiuchafua kidogo tu, namba inadanganya.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda chumbani akarudi na daftari hili mkononi. Alikuwa amelisoma. Sijui lini.

"'Nikamuuliza Baba Pacha kwa mbali, kama mtu anayepiga soga tu,'" akasoma. "Kumbe hata humu ndani niko kwenye orodha. Umemmaliza Mzee, sasa zamu yangu?"

"Mrefu amevunjika mguu."

"Nimeuvunja mimi mguu wa Mrefu?"

Amelala kwenye kochi.

Jumatatu, 9 Februari

Tumekwenda kazini kila mtu na njia yake. Nzima zote, bila shaka. Sasa hata pini nzima naziangalia kwa jicho baya.

Jumanne, 10 Februari

Nimemwambia Kipara asiwashe tanuru kabla hatujafanya kitu kimoja. Nikabandika sufuria ya maji kwenye jiko la umeme la kuchemshia chai. Kipara akapanda akachomoa kipimo cha joto kwenye tanuru lililopoa, akakivuta mpaka chini. Maji yalipochemka nikakitumbukiza humo.

Baba Pacha alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Sikumwita. Alikuja mwenyewe, nadhani ili nione haya.

Mita ikasoma tisini na tisa.

"Washa koili," nikasema.

Mlio ukaanza. Namba ikashuka kama ndoo kisimani. Sabini, arobaini na nane, thelathini. Ikatulia ishirini na moja. Maji yanachemka, yanaturukia mikononi, na mita inasema ni baridi kuliko hewa tunayovuta.

"Zima." Tisini na tisa.

Baba Pacha akamsogeza Kipara, akaiwasha koili mwenyewe. Ishirini na moja. Akazima. Akawasha tena. Mara ya tatu aliingiza kidole sufuriani, mtu mzima, fundi, akakitoa haraka na kukitia mdomoni kama mtoto.

Alichukua ngazi na msumeno, akapanda, akaanza kukata bomba.

Nikamfuata chini ya ngazi. "Meneja hajafika. Ngoja aone."

"Mpaka saa nne nitakuwa nimezitenganisha. Itasoma vizuri."

"Na Mzee?"

Msumeno tu.

"Na pini zilizoko barabarani? Tangu Novemba mpaka Desemba, Jumanne na Alhamisi zote, nilikuwa napima ya asubuhi peke yake. Zilizobaki ziko kwenye matela ya watu!"

"Niache nifanye kazi, Mama Pacha."

Nilimwona anashuka na kile kipande cha bomba, waya zote mbili zimebanana ndani yake, akakizungushia gunia na kukipeleka kwenye gari letu. Ushahidi wote ulikuwa ndani ya gunia lile. Miaka kumi na moja nimelala kando ya mtu huyu, na leo nimesimama nyuma ya mlango namchungulia kama mwizi.

Jumatano, 11 Februari

Nimeamka nimeshaamua kumweleza Meneja yote. Alikuwa ameondoka kabla yangu, na gari. Nimetembea mpaka kazini nikihesabu mahali anapoweza kulitupa gunia lile: mtoni, jalalani, kwa fundi wa vyuma chakavu.

Saa nne na dakika tano nikafungua mlango wa ofisi bila kubisha. Baba Pacha alikuwa amekaa mbele ya Meneja. Kipande cha bomba kilikuwa mezani, juu ya karatasi.

"Kaa," akaniambia. "Nimeshamweleza. Hata alichoniambia Mzee mwezi wa Desemba, nimeeleza."

Nikakaa. Nilikuwa nimekuja na hasira ya watu wanne.

Meneja alikuwa anapapasa bomba lile kwa kidole. "Basi, vizuri," akasema. "Limegundulika, limetengenezwa. Tusilikuze. Wateja wakisikia, karakana itafungwa."

"Pini nyingine ikikatika barabarani," mume wangu akasema, "atakayefungwa ni wewe. Na mimi."

"Zote zina tarehe," nikasema. "Siku ninazo. Stoo inajua nani alichukua zipi."

Meneja alitazama uani, kule kwenye ukuta wa Mrefu. Kisha akavuta simu, akapiga namba ya mteja wa kwanza.

Jumamosi, 14 Februari

Tumemtembelea Mrefu. Baba Pacha alimweleza yote, amesimama, hakutaka kiti. Mrefu alisikiliza huku anajikuna juu ya plasta.

"Kwa hiyo haikuwa bahati mbaya," akasema.

"Haikuwa."

"Nilikuwa najilaumu kwamba nilisimama vibaya." Akageukia ukuta. Muda wa wageni ulipoisha tukaondoka.

Jumatatu, 16 Februari

Mzee amerudi. Kwanza Meneja alimtuma Kipara, Mzee akajibu kwamba aliyemfukuza anaijua nyumba. Meneja akaenda mwenyewe. Leo nimemwomba Mzee radhi mbele ya wenzetu. Amesema, "Nimesikia," akaendelea kupanga trei. Ananiita mpimaji sasa.

Alhamisi, 19 Februari

Koili inanguruma, trei nne, zote nzima. Nimezigonga mbili mbili.

Ijumaa, 27 Februari

Pini mia mbili na nne zimerudi kati ya mia mbili na saba. Zilizobaki ziko kwenye lori moja ambalo halipokei simu. Joto limekaa kifuani, mawingu yanajikusanya na kutawanyika.

Jumapili, 1 Machi

Mvua imenyesha usiku, ya kwanza. Asubuhi dereva mmoja akatupigia kwamba lori tunalolitafuta limelala kwenye maegesho ya barabara kuu, linaondoka saa tatu. Tukaenda wawili, mimi na Baba Pacha. Njiani alinifungulia dirisha la upande wangu ambalo huwa linakwama.

Dereva wa lori alikuwa mwanamke wa umri wangu. Alikuwa ameshawasha injini, na kwenye kiti cha mbele walikaa watoto wawili na mfuko wa nguo. Anawapeleka kwa bibi yao. Hakupenda tulichomwambia. Alisema ana ratiba, alisema pini hizo zimevuta mizigo miezi mitatu hazijamsumbua. Baba Pacha hakubishana. Alimwomba dakika tano, akatandika kadibodi kwenye tope, akalala chini ya tela na nyundo.

Mbili zilitoka vizuri. Ya tatu, ile iliyoshika tela lenyewe, ilikuwa imekwama. Akaigonga. Haikuwa hata kwa nguvu, mkono wake haukuwa na nafasi ya kupanda. Ikasikika kama sahani.

Nusu ilibaki mahali pake. Nusu ikaanguka chini, ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha yule mama.

Aliiokota. Akaitazama ndani ilipokatikia, inavyometameta, kisha akawatazama watoto wake juu kwenye kioo. Akazima injini. Akakaa kwenye kikanyagio cha mlango, bila kujali kwamba kimelowa.

"Nani aliyejua?" akauliza baadaye.

Baba Pacha alikuwa anatambaa kutoka chini ya tela, tope mpaka masikioni.

"Kuna mzee kazini kwetu," akamwambia. "Alituambia toka mwanzo. Mimi nilicheka, na mke wangu akamwandika."